Nyota tatu na nusu kwa kituo cha karanga

Mimi ni mtu wa kusoma maoni kabla sijatoa hela. Mashine ya kuchomelea ninayotumia sasa niliichagua baada ya kusoma vilio vya walionunua ile nyingine ya bei chee. Lakini mwezi wa nne, nilipokuwa natafuta mtu aliyewahi kumpeleka kijana wake kwenye ushauri nasaha hapa Dodoma, hasa kijana aliyekwisha kupita mikononi mwa polisi, sikuambulia kitu. Nyama ya mnada wa Msalato ina maoni kibao. Gesti za Area D zina maoni. Hili halina. Basi naandika mimi, fundi mageti wa Chang'ombe, na mnivumilie nikichanganya mambo.

Jina la kituo silitaji. Kesi ya mpwa wangu ilisikilizwa faragha, na nikitaja kituo, majirani watamjua kabla chai haijapoa. Halafu nina malalamiko kadhaa, na waliotukosea pale ni wachache kuliko waliotubeba. Mpwa wangu mwenyewe nitamwita Dogo, ndivyo tunavyomwita karakana.

Dogo na wenzake wawili walikamatwa usiku na betri tatu za pikipiki ndani ya kiroba. Dada yangu alinipigia saa kumi alfajiri, hakusalimia. Nilipofika kituo cha polisi nilimkuta Dogo kaketi kwenye benchi nyuma ya kaunta, viatu mkononi. Askari wa zamu, Mungu amweke, hakumwingiza selo kwa sababu mle ndani walikuwa watu wazima watupu, na chumba cha watoto hakipo. Ila kwenye kitabu alikuwa ameandika umri: 19.

Sasa hapo ndipo ningependa mzazi yeyote anayesoma hii asimame kidogo. Dogo ana miaka 16. Ana mabega ya kubeba zege na vindevu vya kuombea, na alipoulizwa mwaka wa kuzaliwa alijiongezea ili asionekane mtoto mbele ya wenzake. Ile 19 moja ilitosha kumpeleka njia nyingine kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kesi yake iende Mahakama ya Watoto, na hafungwi jela hata akikutwa na hatia. Haya yote hayana faida kama karatasi inasema 19.

Na cheti cha kuzaliwa hatukuwa nacho. Dada alijifungulia Mvumi, akahamia mjini, akasema atafuatilia, miaka ikapita. Kadi ya kliniki ilishapotea. Nikapanda gari asubuhi ileile kwenda Mvumi kwa bibi yake Dogo. "Mbukwa, mjukuu," akanisalimia, ingawa kwa ukoo mimi si mjukuu wake, ni uzee tu. Sikumwambia mambo ya betri, nilisema natafuta karatasi za shule. Akafungua sanduku la bati, akatoa kanga za msiba moja moja, chini kabisa akatoa cheti cha ubatizo. Mchwa walikuwa wamekula kona nzima pamoja na nusu ya jina la mchungaji. Tarehe ilibaki. Nilirudi mjini nimekibana ndani ya Agano Jipya lake alilonilazimisha niondoke nalo, kwamba kisikunjike.

Cheti cha ubatizo hakina nguvu ya cheti cha kuzaliwa, lakini mahakama inaruhusiwa kuchunguza umri kwa ushahidi uliopo, na cha kwetu pamoja na maelezo ya dada vilitosha. Kama una mtoto hana cheti, acha kusoma hapa uende RITA, wanakosajili vizazi. Narudia, nenda.

Dada, wakati mimi niko njiani, alipiga 116. Hiyo ni namba ya huduma ya simu kwa watoto, ni bure, simu yake haikuwa na salio hata senti. Aliyepokea hakumhubiria. Alimwambia omba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto, omba afisa ustawi wa jamii aitwe, usikubali mtoto aandike maelezo ukiwa haupo. Dada aliyaandika mambo hayo matatu kwa kalamu ya nyusi nyuma ya risiti ya Luku. Ile huduma ya simu, nyota tano, sina neno.

Mahakamani hakukuwa na kubwa la kusimulia. Nilitegemea kizimba na watu wa kushangaa, tukaingizwa chumba cha kawaida, watu saba, hakimu akamwita Dogo kwa jina lake. Alikiri. Afisa ustawi akasoma taarifa ya uchunguzi wa kijamii aliyoiandika baada ya kuja nyumbani mara mbili na kuongea hadi na mwenyekiti wa mtaa. Dogo akaachiwa kwa masharti, miezi 6 chini ya uangalizi wa huyohuyo afisa, asionekane vijiweni usiku. Mimi na dada tukawalipa wenye betri. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia jina la Irambo, ile shule ya maadilisho ya Mbeya. Nilishapiga hata hesabu ya nauli.

Lakini kuna swali moja la yule afisa ustawi ambalo ndilo lililotufikisha kwenye kituo ninachokiandika. Siku aliyokuja nyumbani mara ya pili, ameshafunga faili, amesimama mlangoni anavaa kandambili zake, akauliza: "Huyu kijana huwa analala saa ngapi?"

Dada akanitazama. Mimi nikamtazama dada. Hakuna aliyejua. Dogo anaingia chumbani saa tatu, asubuhi kitanda kimetandikwa. Tulidhani ni nidhamu.

Yule mama akavua tena kandambili, akaingia ndani. Kumbe hakuwa analala. Tangu baba yake afariki kwa ajali ya bodaboda barabara ya Iringa, miaka miwili sasa, Dogo alikuwa analala saa moja, saa mbili kwa usiku, basi. Zilizobaki anatembea. Na ukitembea Dodoma usiku wa manane, unaokutana nao ndio haohao wa betri. Yeye hakutafuta wezi, alitafuta watu walio macho.

Hati ya mahakama kuhusu usingizi haikuwa na neno. Afisa ustawi alichana karatasi kwenye daftari lake, akaandika jina la kituo na "Alhamisi saa nane mchana". Kama angekuwa na haraka siku ile, tusingejua. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo langu la kwanza kwa wahusika: mahakama inatoa amri, kituo cha ushauri kipo kilomita chache, na kati yao kuna karatasi iliyochanwa kwenye daftari.

Kumpeleka ilikuwa vita. Hapa mjini kwetu neno ushauri nasaha linatafsiriwa Mirembe, na Mirembe linatafsiriwa kichaa. Sisi tumekua tukitaniana "utaishia Mirembe" bila kufikiri kwamba ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, watu wanaingia wanatibiwa wanatoka, wanarudi kulima zabibu na kufundisha shule. Dada alilia. Akasema mwanangu ni mwizi, sawa, lakini si mwendawazimu. Yaani mwizi alikuwa na nafuu! Nikamwambia kituo chenyewe si Mirembe hata, kipo upande mwingine wa mji. Akasema majirani hawatauliza ramani.

Na kituo nacho hakikutusaidia. Tumefika siku ya kwanza na bajaji, mlangoni kuna kibao chekundu, herufi za shubiri: KLINIKI YA AFYA YA AKILI KWA VIJANA. Kinatazama barabara, ng'ambo kuna kijiwe cha bodaboda. Dogo aligoma kushuka. Tulikaa ndani ya bajaji dakika ishirini, dereva kazima injini, kaanza kula muhogo. Mwishowe akatoka msichana mmoja ndani, kavaa gauni la kitenge, sikudhani ni mshauri, nilidhani anakwenda dukani. Akainama dirishani, hakumwangalia Dogo, akaniambia mimi: "Shikamoo mjomba. Nina karanga gunia zima za kubambua na mikono miwili tu. Huyo kijana anaweza kunisaidia?"

Marahaba, nikasema. Dogo akashuka.

Nimeona benchi la korido nikajua hapa nitakaa sana. Ukutani kuna bango linalosema, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Pale karakana nina vijana saba wa mkono, nikiwahesabu na Dogo. Nikaanza kuwapitisha kichwani mmoja mmoja: yule anayecheka sana, yule anayekuja na harufu ya kilevi Jumatatu, yule asiyekula na wenzake. Nikafika wa tano nikaacha.

Kuhusu karanga. Nilichungulia siku ya pili, mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Meza hamna. Kuna mkeka, ungo mkubwa katikati, karanga za maganda, na mabakuli mawili. Wameketi ubavu kwa ubavu, wote wanatazama ungo. Paa, maganda huku, mbegu kule. Kwa dakika kumi hakuna aliyesema kitu. Mimi nikasema moyoni, hii ndiyo tiba niliyoacha kuchomelea geti la watu kuifuata? Baadaye nikaelewa mwenyewe, kwa sababu hata karakana ni hivyo. Kijana wa miaka 16 ukimkalisha uso kwa uso ukamwambia haya sema, unapata "sijui" na "poa tu". Mpe kipande cha chuma ashike upande mmoja, wewe shika mwingine, mazungumzo yanakuja yenyewe. Yule binti sijui kama alifundishwa chuoni au alitoka nayo kwao.

Dogo akawa anarudi na maganda mifukoni. Dada akifua anayakuta, analalamika, lakini hakuyatupa, akawa anawashia mkaa.

Jambo lililonikera mwanzoni, na sasa nalihesabu kama sifa: hawasemi. Wiki ya tatu nikamvuta binti pembeni, nikamuuliza kijana anasema nini humo ndani. Akanijibu kwa adabu kwamba yakiwa mambo ya hatari kwa maisha yake au ya mtu mwingine nitaambiwa siku hiyohiyo, mengine ni yake. Nilipandisha. Nikamwambia nauli ya bajaji natoa mimi, elfu nne kwenda na kurudi, na hela ya kufungua faili nilitoa mimi. Akasema, "Ni kweli mjomba, na tunakushukuru." Basi. Hakuongeza. Nilibaki nimeshika funguo kama mjinga.

Nilikuja kuambiwa na Dogo mwenyewe, mwezi wa sita, bila kuuliza. Tulikuwa tunasaga kingo za geti la mteja wa Ilazo, upepo ule wa Dodoma wa baridi unapeleka cheche upande wangu. Nikazima mashine nifute miwani. Katika ule ukimya akasema, "Mjomba, mimi nilikuwa nyuma. Nilikuwa nimemshika koti."

Sikuwa najua. Sote tulijua baba yake alipata ajali akiwa peke yake. Dogo alirushwa kwenye mchanga, akainuka hana hata mchubuko wa kuonyesha, akatembea mpaka nyumbani, akakuta watu wameshaanza kulia, akakaa nao. Hakuna aliyemuuliza ulikuwa wapi. Msibani tulimwambia ajikaze, sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Mimi ndiye niliyesema hayo, tena kwa sauti, mbele ya wazee.

Nikawasha mashine tena. Sikuwa na la kusema na geti lilikuwa linatakiwa jioni.

Haya, malalamiko. La kibao nimesema. La pili ni ukuta: chumba cha ushauri na korido vimetenganishwa kwa ubao mwembamba. Siku walipokuwa chumba cha pili kwa sababu ya mvua ya ghafla nilisikia binti wa watu, mgeni kabisa kwangu, akisimulia mambo ambayo sikustahili kuyasikia. Nilitoka nje nikasimama mvuani. Watu wanaotunza siri kwa mdomo namna ile wanawezaje kuipoteza kwa ubao? Mimi ni fundi, nilijitolea kuwafungia fremu waweke ubao wa pili na magodoro mabovu katikati. Nikaambiwa niandike barua. Nimeandika. Bado.

La tatu ni kubwa. Wiki ya sita tumefika, binti hayupo. Kahamishwa. Hakukuwa na simu, hakukuwa na ujumbe, hata yeye inaonekana aliambiwa Ijumaa aondoke Jumatatu. Dogo aliambiwa na mlinzi getini. Na tukapewa kaka mmoja, mtu mzima, shati limenyooka, ana meza. Akaanza hivi: "Unajua mama yako anateseka kiasi gani?" Hakuwa mtu mbaya. Lakini Dogo anajua mama yake anateseka kiasi gani, ndilo jambo analolijua kuliko yote. Alijibu "ndiyo" nusu saa nzima. Alhamisi mbili zilizofuata hakwenda, na usiku dada akasikia tena mlango wa nyuma.

Hapo afisa ustawi aliingia tena. Masharti ya mahakama yanamruhusu kufuatilia, na alifuatilia: alikwenda kituoni mwenyewe, sijui walisemezana nini, Alhamisi iliyofuata yule kaka alikuwa mkekani. Kakunja suruali ya kitambaa, kakaa vibaya kama ngamia, anabambua karanga taratibu mno. Dogo aliniambia wanapoteza nusu ya mbegu kwa sababu kaka anaziponda. Alisema akicheka. Nikajua tumepona kidogo.

Ujumbe wa simu wa kukumbusha miadi unakuja Alhamisi saa kumi na mbili jioni, baada ya miadi. Hilo naliacha.

Kwa anayetaka kwenda, mambo ya vitendo. Nenda na nakala ya hati ya mahakama kama ipo, lakini hata bila kesi wanapokea, niliona watoto waliokuja na walimu wao. Faili tulilipa elfu tano mara moja, vikao havilipiwi. Fika kabla ya saa nane, maana orodha inaandikwa kwa mkono na ukichelewa unasubiri mpaka saa kumi. Choo ni safi. Maji ya kunywa beba. Usimsindikize kijana hadi mkekani, kaa korido, na ukisikia sauti ya upande wa pili wa ubao, toka nje. Shuleni omba ruhusa mapema. Dogo amerudi kidato cha pili mwezi wa saba na mwalimu wa darasa anamwachia Alhamisi bila kumtangaza mbele ya wenzake, jambo ambalo sikulitegemea.

Nyota: nne nilizompa binti wa kitenge, nikatoa moja kwa kumhamisha bila kuaga, nikarudisha nusu kwa yule kaka kukubali kukunja suruali yake. Kibao na ubao nimeviacha vijitetee vyenyewe. Ukitaka kunisahihisha kwamba nyota hazihesabiwi hivyo, njoo karakana.

Analala sasa mpaka saa tisa, saa kumi. Siku nyingine anaamka, lakini anabaki ndani, dada anamsikia akipanga vyombo. Bodaboda bado hapandi, tunakwenda kwa bajaji. Miezi 6 ya mahakama inaisha mwezi wa kumi, vikao vimeongezwa mpaka Desemba kwa hiari yake mwenyewe, alisaini yeye.

Juzi walituambia karanga za kituo zimekwisha na mpya si mpaka mavuno ya mwakani. Nimempigia bibi wa Mvumi. Amesema anazo debe moja alizoweka za mbegu, akauliza za nini. Nikamwambia ni za Dogo. Ametuma debe zima kwa gari la asubuhi, na ujumbe kwamba Agano Jipya lake nimrudishie.